Rangi za Kabatini

Padova, Italia, 21 Septemba 2003

Dada Domnica,

Salamu kwenu wote, wewe, mwanangu Otilia, na mbwa kama bado yupo. Mimi mzima, miguu tu ndiyo inavimba jioni. Bibi Ines ninayemtunza ametimiza miaka tisini na moja na kengele yake haijachoka. Juzi kaniita niache kupika nimwambie leo ni siku gani. Nikamwambia Alhamisi. Akasema, "Mwongo wewe." Basi nikamwambia Jumapili, akaridhika, akalala. Ndiyo kazi yangu hiyo, mwaka wa tano sasa.

Vipi mavuno? Ile mizabibu ya nyuma ya kisima, aliyoipanda marehemu Gavril wangu, imezaa? Umeshapata mtu wa kuziba paa la zizi, au bado unamngoja yule binamu wa padri?

Gari la mizigo la jirani yenu Neculai linaondoka hapa leo mchana, kwa hiyo barua hii mtaipata Jumanne pamoja na mzigo. Kuna kopo kubwa la kahawa, la bati, lenye kifuniko cha kubana. Kuna viatu vya shule vya Otilia. Na kuna vitu vyake vya kuchora, kwa kuwa uliniandikia kwamba siku hizi hamumtoi kwenye karatasi. Nilikaa dukani saa nzima nikichagua mpaka muuzaji akaanza kunitazama vibaya. Nimempatia vitabu viwili vya kupaka rangi, kimoja cha paka, kimoja cha mabinti wa mfalme na majumba yao. Nimeweka kalamu za wino za rangi ishirini na nne, na kifutio kinachonukia stroberi. Mwambie asipake harakaharaka. Aanze pembeni aende katikati, na asitoke nje ya mstari, kama nilivyomfundisha.

Mbusu. Mwambie aniandikie japo mistari miwili.

Mdogo wako,
Saveta


Podu Viei, 16 Oktoba 2003

Saveta mdogo wangu,

Sisi wazima. Mbwa yupo, amebaki kubweka akiwa amelala. Mizabibu ya Gavril imezaa mpaka nikaazima mapipa. Paa bado. Padri anasema binamu yake anaumwa mgongo. Nimemwambia hata mimi unaniuma na bado ndimi ninayepanda juu.

Mzigo tumeupata, kahawa nzuri sana. Viatu vimemkataa Otilia, haukuingia hata unyayo nusu, nimempa binti mdogo wa Neculai. Sasa tuongee hilo, maana tukiliacha hivi mwakani utaniletea nepi.

Mwanao anatimiza miaka kumi na nne mwezi ujao. Ana kimo changu. Ulipopanda basi alikuwa na miaka tisa, najua, na picha uliyokwenda nayo ni ya huyo wa miaka tisa. Nimekutumia nyingine tatu tangu hapo, sijui unazibandika wapi. Vile vitabu vya kupaka rangi alivifungua, akapitia kila ukurasa kwa adabu, akasema, "Mama mkubwa, mwambie asante." Yale maneno yako ya mstari sikumfikishia. Niliona haya.

Ngoja nikwambie anachora na nini. Anachukua vijiti vya mizabibu tuliyopogoa, anavimenya, anavipanga ndani ya kopo la kahawa yako ya mwaka jana, anabana kifuniko na kulisukuma kwenye moto wa jiko. Likipoa, anatoa mkaa mwembamba, mweusi, hauvunjiki ovyo. Hilo kopo jipya amelidai kabla kahawa haijafika nusu. Karatasi zake ni zile za kahawia za kufungia sukari, muuza duka anampa. Wiki iliyopita kanichora nikimenya viazi. Mikono ilikuwa yangu kabisa, na fundo la kidole, na ukucha uliopasuka. Nilikasirika siku nzima kwa kuwa sikujua imezeeka kiasi hicho.

Halafu mwalimu Tudose wa uchoraji akaja nyumbani mwenyewe. Alikaa jikoni bila kuvua koti, akasema, "Mama Domnica, ninachokijua nimemfundisha na kimekwisha. Juni afanye mtihani wa shule ya sanaa mjini, akalale bweni huko. Akibaki hapa atamaliza ujana wake anachora ng'ombe kwenye mabango ya maziwa."

"Ng'ombe wana ubaya gani?" nikamuuliza. Hakucheka.

Mtihani ni siku mbili. Siku ya kwanza wanachora kwa penseli au mkaa, ya pili kwa rangi, na kila mtoto anakuja na vifaa vyake. Mwalimu ameniandikia orodha na nakutumia hiyohiyo ya mkono wake: penseli laini za namba alizotaja, kifutio kile cha kufinyangwa kama unga, karatasi nzito za ukubwa wa meza ndogo, brashi tatu za mviringo, na rangi za tyubu, rangi za MAJI. Hapo pa maji kapiga mistari miwili. Dukani mjini kuna rangi za watoto tu, zile za vidonge. Huko kwenu zitakuwepo.

Kuandika kwake nimemwambia. Anasema ataandika.

Dada yako,
Domnica


Padova, 9 Novemba 2003

Dada Domnica,

Huku ni mvua tu, nguo zinakaukia juu ya vitanda. Bibi Ines ana kikohozi na mimi nimekipata kwake. Nashukuru kwa habari za mapipa, Gavril angecheka.

Barua yako niliisomea kwenye ngazi, nikarudia kuisoma. Umenisema, na nimesemeka. Kuhesabu najua, dada. Lakini nikiingia dukani mkono unakwenda wenyewe kwenye rafu ya chini.

Shule ya sanaa! Nililia juu ya vyombo. Kwetu nani aliwahi kusoma zaidi ya kuhesabu magunia? Mwambie mwalimu ndiyo, mara kumi ndiyo. Orodha nimeibandika ndani ya mlango wa kabati langu. Duka la wachoraji liko upande wa pili wa mji na Jumapili napewa saa mbili tu, moja naimaliza kwenye foleni ya Neculai, kwa hiyo nivumilieni. Kwa siku yake ya kuzaliwa natuma sweta, nimepima kwa mwili wako. Nimeweka na kitabu cha farasi. Ni cha kupaka rangi lakini si cha watoto, farasi wenyewe wana misuli.

Pasaka nakuja. Safari hii nakuja kweli, nimeshasema na mwanawe bibi. Mwambie Otilia.

Saveta wenu


Podu Viei, 27 Novemba 2003

Saveta,

Sisi wazima. Theluji imefika magotini. Nguruwe tutamchinja Desemba ishirini kama kila mwaka.

Sweta limemkaa vizuri. Kitabu cha farasi alikifungua mezani, keki imeshakatwa, majirani wapo, kila mtu anataka kuona kilichotoka Italia. Farasi wa ukurasa wa kwanza alikuwa amekwisha kupakwa rangi. Mwili zambarau, mkia wa njano. Chini yake pameandikwa Ginevra, na kimoyo pembeni.

Mke wa Neculai akajitia kusaidia: "Hicho kitakuwa cha maonyesho, huko madukani wanafanya hivyo."

Otilia akakitazama kidogo. "Anapaka vizuri," akasema. "Hajatoka nje ya mstari." Akakifunga, akatoka kwenda kuwalisha mabata bukini, na zamu ilikuwa yangu.

Ginevra ni nani? Jibu hilo kwanza, mengine baadaye.

Domnica


Padova, 15 Februari 2004

Dada yangu,

Nisamehe ukimya. Kabla ya Krismasi bibi Ines alianguka bafuni akavunjika nyonga, na tangu hapo simwachi hata kwenda kununua mkate. Najua Neculai amepita hapa Jumapili zote hizo na gari lake. Najua. Nashukuru kwa nyama ya moshi, nilikula kwa siri chumbani, hawa hawapendi harufu.

Ginevra ni mjukuu wa bibi. Wanakaa ghorofa ya juu. Mama yake akiwa kazini anashuka kwangu. Ana miaka tisa. Ni hivyo tu.

Sasa habari njema. Mwanawe bibi alikaa naye, nikaenda duka la wachoraji, lile lenyewe, wanaume wenye ndevu wananusa brashi. Orodha yote nimeipata. Penseli kumi na mbili kwenye kasha la bati. Kifutio cha kufinyanga. Karatasi nzito ishirini, Neculai amezibana kati ya mbao mbili na nimemwambia zikikunjika asirudi tena huku. Brashi tatu za manyoya ya kweli. Na rangi, dada, rangi nimechukua nzuri kuliko hata alizoandika mwalimu, tyubu kumi na nane kwenye boksi la mbao, kifuniko kina picha ya mwanamke wa zamani mwenye joho. Sikutaka aende mbele ya watoto wa mjini na vitu vya kuchekwa.

Nakuomba jambo moja. Usimwachie azichezee. Zimetoka mbali na sijui kama nitapata nyingine. Zitunze, zifunguliwe siku yenyewe.

Kuhusu Pasaka tutaona.

Saveta


Podu Viei, 4 Machi 2004

Saveta mdogo wangu,

Wazima, ila kifua cha mbwa. Mzigo umefika bila karatasi hata moja kukunjika. Neculai amesema ukimtishia tena atakuletea mke wake mjadiliane.

Sikiliza, boksi hilo nilipolitoa hata mimi nilirudi kunawa mikono. Nimeliweka chumba cha wageni, kabati la kioo, katikati ya vikombe vya harusi yako na ile picha ya watakatifu aliyotuachia mama, penseli pembeni, brashi juu. Kabati nimelifunga, ufunguo ninao shingoni. Majirani wamekuja kuona, mke wa padri kasimama pale akaomba tu nifungue alishike, nikamwambia macho hayana kodi, mikono ndiyo sitaki.

Otilia naye anasimama mlangoni na soksi, haingii kwa kuogopa kuchafua zulia. Jana kaniambia, "Mama mkubwa, nifungulie ya bluu tu, niijaribu." Nikamwambia Juni si mbali. Mwalimu Tudose aliomba kuziona nikamwambia hivyohivyo, akakunja uso lakini hakuzidisha. Amemwazima Otilia rangi zake mwenyewe za ujana, kijiboksi kimepasukapasuka, na ndizo anazofanyia mazoezi. Kila siku mtungi na vitunguu, mtungi na vitunguu. Mizabibu tumeanza kupogoa na vijiti vyote vizuri ni vyake.

Hujaandika tena habari za Pasaka. Otilia amefua mapazia ya chumba chako bila kuambiwa. Sikumuuliza kwa nini.

Domnica


Padova, 4 Aprili 2004

Dada,

Heri ya Jumapili ya Matawi. Wote wazima huku.

Siji. Familia inakwenda milimani na bibi hawezi kubaki peke yake wala kwenda bila mimi. Na nikitoka, pale mpakani watapiga muhuri nisirudi tena, wewe unajua karatasi zangu zilivyo. Nimetuma yai la chokoleti na kitambaa cha meza.

Usimwambie kwa ukali. Mwambie kwamba nitakuwa namfikiria siku ya mtihani tangu nikiamka.

Saveta


Podu Viei, 17 Juni 2004

Saveta,

Nianze na salamu, maana nikianza na lile lingine nitaichana hii karatasi. Tuna afya. Mbwa alikufa wiki ya pili ya Mei, Otilia alimchimbia kaburi chini ya mizabibu. Yai lako la chokoleti alilila mtoto wa Neculai.

Mtihani umefanyika. Siku ya kwanza waliwekewa mtungi, kitambaa na samaki mkavu. Penseli za kasha la bati aliziacha mfukoni, akachora kwa mkaa wake wa kopo. Jioni matokeo yakabandikwa mlangoni: tisa na nusu kati ya kumi. Wa pili kati ya watoto sitini na mmoja. Mwalimu Tudose alinikumbatia mbele za watu, na mimi sijakumbatiwa na mwanamume tangu niwe mjane.

Asubuhi ya siku ya pili nilifungua boksi la karatasi nililobebea vifaa, nikamkabidhi lile la mbao mikononi. Lilikuwa bado na nailoni yake. Nilijivuna, nakwambia. Nilimwambia, "Leo hao wa mjini watakutazama wewe." Akaingia. Mwalimu na mimi tukakaa nje ya lango tukitafuna mbegu za alizeti.

Mtihani ni wa saa nne. Baada ya saa moja na nusu nikamwona anatoka, peke yake. Bluu mpaka viwikoni. Halii.

"Umemaliza mapema hivi?" nikamuuliza.

"Haichanganyiki," akasema.

"Nini haichanganyiki?"

"Rangi. Haichanganyiki na maji."

Mwalimu akamnyang'anya boksi, akafungua tyubu, akanusa. Nilimwona anavyobadilika rangi yeye mwenyewe. "Mafuta," akasema. "Hizi ni rangi za mafuta. Mama Domnica, nilipiga mistari miwili chini ya neno!"

"Zimetoka Italia," nikamjibu. Ndicho kilichonitoka mdomoni, sijui kwa nini.

"Na miezi mitatu yote hii hamkufungua tyubu hata moja? Hata moja?"

Otilia alinitazama. Mimi nikatazama maganda ya mbegu chini.

Nilimchokonoa njia nzima ndani ya basi mpaka akanieleza. Alikamua bluu ya anga, akachovya brashi kwenye maji, maji yakakimbia kwenye brashi, rangi ikabaki donge. Alisugua, karatasi ikalowa doa la mafuta. Mvulana wa meza ya pili akamsogezea rangi zake, msimamizi akakataza, kila mtu na vyake ndiyo sheria. Akajaribu kwa vidole. Halafu akaona anazidi kuharibu, akaweka brashi chini.

Amepata tatu. Chini ya tano kwa siku yoyote, mtoto ameanguka. Ile tisa na nusu haihesabiki.

Uliandika umenunua nzuri kuliko za orodha. Nimeitoa barua yako ya Februari ninayo hapa mezani. Nieleze uzuri wake.

Domnica


Padova, 27 Juni 2004

Domnica,

Sikusalimu leo. Sina nguvu ya kuuliza habari za mizabibu.

Unataka nikueleze, nakueleza. Nilikuwa na orodha mkononi na rangi za maji nilizishika, kijiboksi kidogo cha bati. Muuzaji akasema, hizi za maji wanachukua hata watoto, wachoraji wa kweli wanachukua zile. Nilivyosikia neno watoto nikazirudisha. Ulinicheka kwa viatu, ulinicheka kwa paka, ukaniambia nitaleta nepi. Sikutaka tena kumtumia kitu cha mtoto. Nilikuwa na Ginevra, nampeleka kila mahali, nimwache na nani? Akasema chukua lile lenye mwanamke wa joho, ni zuri. Na kweli lilikuwa zuri. Farasi pia alimchagua yeye, na vile vya kwanza pia, kwa kuwa nilipokuwa nataka kujua mtoto anapenda nini, mtoto niliyekuwa naye mkononi ni huyo. Umefurahi sasa?

Lakini mimi nilikosea siku moja dukani. Wewe ulikosea kila asubuhi kwa miezi mitatu, na ufunguo shingoni. Angefungua tyubu moja, moja tu, angejua siku hiyohiyo, mwalimu angejua, ningewaletea nyingine kabla ya Aprili kwisha. Nani aliona rangi zinawekwa pamoja na vikombe? Hivyo vikombe vya harusi yangu vyenyewe, Gavril alikufa hajawahi kunywea hata kimoja!

Na niambie jambo jingine. Zile za mwalimu, za mazoezi, ziliishia wapi siku hiyo? Mbona hakuwa nazo?

Nitasema ninalolifikiria, maana nimelifikiria usiku tatu. Angefaulu angekwenda bweni. Nyumba ingebaki na wewe peke yako. Ulitaka abaki, Domnica. Mungu anisamehe, naona ulitaka abaki.

Mwambie nampenda. Mwambie nitamnunulia za maji.

Saveta


Podu Viei, 29 Julai 2004

Saveta,

Mimi nakusalimu, maana ndivyo mama alivyotufundisha. Tuna afya. Zabibu mwaka huu ni chache, mvua ya mawe imepita nazo. Paa la zizi limezibwa hatimaye.

Zifunguliwe siku yenyewe. Maneno hayo ni yako, yapo kwenye karatasi, sikuyatunga. Lakini hata usingeyaandika ningezifungia, nisikudanganye. Kwetu kitu kizuri kinafungiwa, na wewe umekulia nyumba hiyohiyo. Mama alizikwa na viatu ambavyo hakuwahi kuvikanyagia.

Umeuliza zile za mwalimu. Zilikuwa kwenye mkoba wa Otilia. Alizitia mwenyewe usiku. Mimi ndiye niliyezitoa asubuhi, alipokuwa anasuka nywele, nikaziacha chini ya benchi ya jikoni. Niliona aibu atoe kijiboksi kilichopasuka mbele za watu wakati ana cha Italia. Hilo hajaniuliza. Anajua, maana alikikuta hapo jioni ile, akakipangusa na kesho yake akakirudisha kwa mwenyewe. Mwalimu Tudose hajatupitia tena.

Na lile la mwisho ulilosema, kwamba nilitaka abaki. Nilipofika hapo nilikunja barua nikaenda kukamua mbuzi.

Septemba anaanza shule ya ushonaji, ileile ya mjini inayochukua kila mtu, anakwenda na kurudi kwa basi. Jioni atakuwa nyumbani. Nimempa ufunguo wa kabati akasema hana kazi nao. Mkaa hatengenezi tena. Kopo tumewekea misumari iliyobaki ya paa.

Barua yako haikusema unakuja lini. Hatukuuliza.

Safari hii mzigo unatoka huku kuja huko, Neculai amecheka kidogo kisha akaacha. Boksi la mbao ni la huyo Ginevra, ndiye aliyelichagua, Otilia amesema hivyo na hakusema kwa ubaya. Tyubu ziko kumi na saba. Ya bluu haimo.

Chini ya boksi utakuta vitabu vyako vitatu. Vimejaa. Julai nzima alikaa mezani na zile kalamu zako ishirini na nne, akipaka, asubuhi mpaka chakula cha mchana, kila siku, nami sikujua nimzuie kwa neno gani. Paka wote. Mabinti wa mfalme wote na majumba yao. Farasi wote, isipokuwa yule wa kwanza ambaye alikuwa tayari. Ameanza pembeni akaenda katikati. Nilichukua miwani nikakagua ukurasa kwa ukurasa, nikitafuta japo mahali pamoja alipotoka nje ya mstari. Hakuna.

Alipomaliza cha mwisho alivifunga kwa karatasi ya kahawia, ile ya sukari, akaniletea. "Mama mkubwa," akasema, "mwandikie mama kwamba nimemaliza."

Basi nimekuandikia.

Domnica